Mvua ya Mwaka Juzi

Siku moja baada ya Mzee Nolasko Mhongole kufariki dunia, Osmunda Tawete aliingia kazini asubuhi, akatundika koti lake zito mlangoni, akamsalimia.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Ukutani, nyuma ya kiti cha pili, kivuli cha mzee aliyevaa kofia ya pama kiligeuza kichwa taratibu. Kiti chenyewe kilikuwa kitupu, koti kuukuu la mzee likining'inia mgongoni mwake. Kivuli kilimtazama, kama kitu kisicho na macho kinaweza kutazama.

"Osmunda," ilisema sauti ya Mzee Nolasko, "unaumwa?"

"Hapana, Mzee. Kwa nini?"

"Umeniamkia."

Hapo Osmunda akajua ameharibu. Miaka sita alikuwa Karani wa Chumba cha Maridhiano pale Makambako, na katika miaka hiyo hakuwahi kumpa mzee yule shikamoo hata moja. Osmunda ni Mngoni, mzee ni Mhehe. Babu zao walipigana vita mpaka wakachoka bila mshindi, ndipo wakaamua kwamba kuanzia siku hiyo watatukanana tu na kuzikana. Huo ndio utani, na kwa maoni ya Osmunda ndio muungano pekee katika nyanda zile uliowahi kuvuka uchaguzi mmoja. Kila asubuhi yeye humuuliza mzee jana amekula mbwa wa nani, na mzee humuuliza kama Wangoni wameshapata pumzi, maana wamemkimbia Shaka mwendo mrefu. Wakishatukanana, kazi huanza.

"Nimeona mbwa wa jirani bado yupo," alisema, akijilazimisha kucheka. "Nikasema kumbe mzee siku hizi amefunga. Anastahili heshima."

Utani ulikuwa umechelewa, na utani ukichelewa hauliki. Kivuli hakikucheka.

"Jumamosi mwenyewe hakuja kuninywesha," mzee alisema.

"Alikuwa na homa."

"Na leo?"

"Anaendelea," Osmunda alisema.

Kutoka kiti cha kwanza, karibu na dirisha, sauti nyingine ikaingilia kwa upole. "Mvua hii itaozesha viazi, mwanangu." Huyo alikuwa Mzee Ahazi Sanga, mwenyeji wa Makete. Nje ulikuwa mwezi wa nane, vumbi jekundu likipeperuka juu ya reli, na mara ya mwisho tone la mvua kuanguka Makambako hakuna aliyekuwa akiikumbuka vizuri.

"Hakuna mvua, Mzee Ahazi," Osmunda alimjibu, kama alivyozoea kumjibu kila siku.

"Haya, mwanangu. Naridhia."

Kiti cha tatu, karibu na mlango, kilikuwa cha Waziri Kiongozi wa Jimbo, Tulinagwe Mwaipyana. Kivuli chake kilikuwa cha mwanamke mnene aliyefunga kilemba, na kwa kawaida ndicho kilichokuwa na maneno mengi kuliko wenzake wote. Jana yake, ingawa ilikuwa Jumatatu na si Jumamosi ya kunywesha vivuli, Waziri Kiongozi alikuja mwenyewe kukinywesha, akaondoka bila kuaga. Tangu saa ile kilikuwa kimeinama tu.

Walioanzisha vivuli hawakuwa wachawi, hata kama mitaani watu walisema hivyo. Tangu nchi igeuzwe kuwa shirikisho la majimbo, Jimbo la Nyanda lilikuwa limevunja miungano mitatu ya vyama: wa kwanza kwa kugombea kiti cha Spika, wa pili kwa barabara, na wa tatu kwa sababu viongozi wawili waliapa mbele ya askofu kwamba hawakuwahi kukubaliana kile walichokubaliana. Basi vyama vitatu vilipokutana mara ya nne, viliweka sharti. Kila kiongozi atakaa chini ya kofia ya nyaya kwa Jumamosi arobaini, mtambo usome anavyofikiri, anavyopima jambo, anachokiogopa na alichokusudia alipotia sahihi. Baada ya hapo atakuja kila Jumamosi kwa saa moja kukinywesha kivuli chake habari za wiki. Hakuna muswada utakaopita bungeni bila vivuli vitatu kutamka ridhaa kwa sauti. Watu wakauita muungano ule Utatu, na wenye ulimi mkali wakaongeza "Usio Mtakatifu". Hata hivyo, ulidumu.

Ibara ya kumi na tisa ya mkataba Osmunda aliijua kwa moyo. Kivuli hakina ridhaa bila mwenyewe. Mwenyewe akifa, familia itamjulisha Karani kabla ya mtu mwingine yeyote, naye Karani ataingia chumbani akisomee kivuli tanzia, uso kwa uso. Walioandika waliona ni ukatili kumzima mtu bila kumwambia, kwa hiyo mtambo ulifundishwa kutii kitu kimoja tu: sauti ya Karani, ikisema maneno yale. Kikishayasikia, kivuli huzimika.

Mama Agripina, mke wa mzee, alimpigia Osmunda simu Jumatatu alfajiri. Karatasi ya tanzia ilikuwa tayari, imekunjwa mara nne ndani ya pochi yake. Lakini alikuwa amemwambia Waziri Kiongozi kwanza, naye akamwomba angoje; alikuwa hajaisoma, na sasa alikuwa amemwamkia maiti kwa shikamoo.

* * *

"Amekushtukia?" Waziri Kiongozi aliuliza.

Ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya ua, na kutoka dirishani ungeweza kuona mlango wa Chumba cha Maridhiano. Tulinagwe Mwaipyana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtesa Osmunda. Angekuwa mbaya, kazi ingekuwa rahisi.

"Ameuliza kwa nini nimemwamkia, Mama."

"Nilikuambia usibadilishe kitu."

"Mtu ukijua mwenzako amekufa, unambadilikia tu. Huwezi kujizuia."

Tulinagwe alivuta kiti akaketi karibu naye, goti kwa goti, kama dada mkubwa. "Leo Jumanne. Alhamisi saa nne Bunge linapiga kura ya Muswada wa Bonde la Lihanje. Ukipita, ule mkataba wa bwawa uliotiwa sahihi na serikali iliyopita unafutwa. Usipopita, utekelezaji unaanza Ijumaa. Vijiji kumi na tisa, mdogo wangu. Mama yako yuko kijiji cha ngapi?"

"Cha saba."

"Na marehemu baba yako amelala wapi?"

Osmunda aligeukia dirishani. Alikuwa akiuona ua wa mama yake, mti wa mfudu nyuma ya jiko, na msalaba wa saruji alioulipia kwa mshahara wake wa kwanza. Akayaona maji yakipanda taratibu juu yake.

"Ukisoma tanzia leo, naibu wake anachukua chama kesho. Na yule naibu unajua anakula meza ya nani. Ridhaa moja ikikosekana, muswada umekufa. Siku mbili tu ninazokuomba. Alhamisi saa sita nitakwenda mwenyewe kwa Mama Agripina, nitapiga magoti, nitalia kuliko wafiwa."

"Na mwili?"

"Uko kwenye ghala la viazi vya mbegu. Kuna baridi ya kutosha."

"La kuvunda halina ubani, Mama."

"Kwa siku mbili, havundi mtu kwenye baridi ile," Tulinagwe alisema, na baada ya kulisema akafumba macho. Osmunda aliona kwamba limemuuma. Lakini hakulirudisha.

Mlangoni Osmunda aligeuka. "Barua za Mzee Ahazi kutoka India bado zinakuja kwako? Chumbani anaongelea mvua tu. Nilitaka kujua kama matibabu yanaendelea vizuri, nimpelekee salamu."

"Anaendelea," Waziri Kiongozi alisema.

* * *

Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Lakini nyumbani kwa Mhongole mfiwa mwenyewe alikuwa amekatazwa kulia, na Osmunda alipofika Jumatano mchana alimkuta Mama Agripina uani akianika mashati ya mume wake. Meupe matatu, la bluu moja, yote yamefuliwa upya.

"Majirani wanahesabu," mama yule alisema bila kugeuka. "Wasipoona mashati watauliza. Kamwene, mtani."

"Kamwene," Osmunda aliitikia salamu hiyo ya Kihehe.

"Umekuja kuzika au umekuja kunichungulia?"

"Nimekuja kukuona."

"Basi umenichungulia." Akabana kibanio cha mwisho, akajifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ambaye miaka yote Osmunda alimjua kwa kicheko. "Mhehe akifa, Wangoni huja kabla ya jeneza. Wanaingia kaburini, wanasema hatoki mtu hapa mpaka tupewe pombe ya ulanzi. Wanavaa koti la marehemu, wanatembea kama yeye, watu wanalia na kucheka palepale. Mimi nimezika baba, nimezika kaka wawili, na kila mara alikuwepo Mngoni mwenye adabu mbaya wa kunisaidia. Sasa ninyi mko wapi? Mume wangu yuko na viazi."

Osmunda alikaa kwenye ngazi ya jiko. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana ilifaa angalau mtu mmoja alie katika nyumba ile.

"Muswada ni kesho," alisema. "Na yeye ndiye aliyeuandika."

"Najua alichokiandika. Alikiandika kwenye meza hiyo ndani, na kila aya alinisomea mimi kwanza, hata pale nilipokuwa napepeta mchele." Mama Agripina alikaa pembeni yake. "Nikuambie kitu. Juzi saa saba nilifungua redio. Bunge. Spika akauliza ridhaa ya marekebisho ya kitu gani sijui, nikasikia sauti yake. 'Naridhia.' Na kikohozi chake kile kifupi. Osmunda, nilinyanyuka nikamwekea sahani mezani. Nikapakua wali. Ndipo nikakumbuka."

Upepo uliyajaza mashati, yakafutuka vifua kwa zamu.

"Sikuulizi habari za Lihanje," mama yule alisema. "Mimi si mbunge. Nakuuliza jambo moja dogo. Yule anayesema redioni, na yule aliyelala ghalani, mimi kati yao ni mke wa nani na mjane wa nani? Niambie tu, nijue nguo ya kuvaa."

Osmunda alibaki naye mpaka jua likapungua. Alimsaidia kuanua mashati yaliyokauka, wakayakunja pamoja, na akaondoka kabla majirani hawajaanza kuuliza.

* * *

Alhamisi saa tatu na nusu alifungua Chumba cha Maridhiano na kufunga mlango kwa ndani. Baridi ya mitambo ilimpokea. Saa nne kamili Spika angeita kutoka ukumbi wa Bunge, taa ndogo ya kijani ingewaka juu ya kila kiti, na vivuli vingejibu kimoja baada ya kingine kama vilivyojibu kwa miaka sita.

Alikuwa ameamua. Angoje muswada, kisha asome. Alikuwa ameliamua hilo mara nne tangu kupambazuke.

"Mla mbwa," alisema kwa sauti ya juu, "umeamkaje?"

"Umechelewa siku mbili, mkimbizi," kivuli cha kiti cha pili kilimjibu. "Kaa chini."

Osmunda akakaa kwenye kigoda chake.

"Nimekufa, siyo?"

Sauti ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama basi limeshapita. Osmunda alifungua mdomo kumjibu.

"Usinijibu kama Karani," mzee alisema haraka. "Ukinijibu kama Karani mtambo utasikia, na bado tuna mazungumzo. Nijibu kama mtani. Jumanne uliponiamkia nilijua. Nikasema moyoni, huyu binti amenionea huruma. Mngoni hamwonei Mhehe huruma ila Mhehe ameshindwa kabisa kujibu."

"Mzee..."

"Nilikufa vipi?"

Osmunda alisimama. Alijua kitu cha kufanya, kwa sababu mama yake alikifanya, na bibi yake alikifanya, kwenye misiba ya watu wasiowajua hata majina. Alichukua koti kuukuu kutoka mgongoni mwa kiti. Lilinuka tumbaku na moshi wa kuni. Akalivaa, mikono ikamfunika mpaka vidoleni, akainamisha bega la kushoto kama alivyotembea mzee, akakohoa kile kikohozi kifupi.

"Waheshimiwa wabunge," alisema kwa sauti nzito, "nasimama hapa kwa dakika mbili tu." Akatazama saa ya ukutani. "Sasa ni saa tatu na nusu asubuhi. Nitamaliza kesho kutwa."

Kutoka ukutani ukasikika mchirizo wa kicheko.

"Nilipanda kitandani Jumamosi na homa, nikamwambia mke wangu anipikie supu. Alipoleta supu nikasema haina nyama ya maana. Akaniuliza nyama gani, nikamwonyesha mbwa wa jirani. Mke wangu akasema, 'Nolasko, wewe utakufa vibaya.' Na mimi Mhehe, huwa sibishani na mke. Jumatatu alfajiri nikafa." Sauti ilimkatika, akaikamata tena. "Na tangu Jumatatu mbwa wote kuanzia Kilolo mpaka Mufindi wamelala usingizi mnono. Asubuhi walikutana barabarani wakashikana mikono."

Kivuli kilikuwa kinacheka, mabega yakipanda na kushuka ukutani, kofia ya pama ikitikisika, na Osmunda naye alikuwa analia na kucheka ndani ya koti lile kubwa. Kwa muda walikuwa msibani kweli. Alikosekana tu wa kuwamiminia ulanzi.

"Ahsante," mzee alisema hatimaye. "Wamenizika?"

"Bado. Uko kwenye ghala la viazi vya mbegu."

"Ah." Kivuli kilitulia. "Kwa ajili ya Lihanje."

"Mama yangu yuko kule, Mzee. Baba yangu amezikwa kule. Nusu saa tu, useme 'naridhia', halafu nitakusomea. Na wewe ndiwe uliyeutaka muswada huu! Ungekuwa hai ungeridhia. Kuna dhambi gani ukiridhia sasa?"

Alikuwa amelisema. Siku tatu alikuwa akimlaumu Tulinagwe moyoni kwa maneno yaleyale.

"Ningeridhia," mzee alisema. "Na sasa hivi nataka kuridhia. Nataka kuliko unavyotaka wewe. Hiyo ndiyo inayoniogopesha. Osmunda, mimi sisikii njaa. Sisikii homa. Sina mke wa kuniambia utakufa vibaya. Nikiridhia leo kwa ajili ya Lihanje, kesho watakuja na bajeti, watasema wiki moja tu, Mzee, bila wewe Utatu unavunjika. Nami nitaona kweli bila mimi unavunjika. Mtu aliye hai huchoka, akaachia. Mimi sitachoka."

"Hawatafanya hivyo. Mama Tulinagwe ameniahidi saa sita."

Kivuli cha Nolasko kiligeuza kichwa, si kwake, bali upande wa dirisha, kwenye kiti cha kwanza.

"Ahazi," kiliita. "Mwenzangu, habari za leo?"

"Nzuri, Nolasko," sauti ya upole ikajibu. "Mvua hii tu. Itaozesha viazi."

"Na mjukuu wako ameshazaliwa?"

"Bado. Tunatazamia mwezi ujao."

Osmunda alikitazama kiti cha kwanza. Mjukuu wa Mzee Ahazi alikuwa ameshatimiza miaka miwili. Yeye mwenyewe aliwahi kumpelekea viatu.

"Nimekaa naye ukuta mmoja," mzee alisema polepole. "Nadhani ni tangu masika ya mwaka juzi. Kila siku mvua ni ileile. Mjukuu ni wa mwezi ujao. Mwanzoni nilisema ni uzee. Lakini kivuli hakizeeki, Osmunda. Kivuli kikinyweshwa kinajua habari mpya, kisiponyweshwa kinabaki palepale. Mwaka juzi uliambiwa mwenyewe yuko wapi?"

"India. Kwa matibabu. Wanasema kule kuna mtambo wa kukinyweshea kivuli chake, na habari zinafika ofisini kwa..." Akanyamaza.

Alifikiria barua ambazo hakuwahi kuziona. Alifikiria miswada iliyopita tangu masika yale, mingi, mingine mizuri sana, na kila mmoja ukiwa na sauti ile ya upole ikisema "naridhia". Jimbo zima lilikuwa limetawaliwa na mwanamke mmoja mwenye nia njema na mzee aliyekuwa akitazama mvua isiyokuwepo. Na yeye, Karani, ndiye aliyekuwa akifuta vumbi kwenye kiti chake.

Akakigeukia kiti cha tatu. "Mama Tulinagwe," aliuliza kivuli kilichoinama. "Ni kweli?"

Kivuli cha mwanamke mwenye kilemba kilibaki kimeinama. Lakini kilikuwa kimenyweshwa kila Jumamosi bila kukosa, na kilichokuwa moyoni mwa mwenyewe kilikuwa ndani yake chote. Polepole kiliinua kichwa, kikakishusha, kama mtu anayeitikia kanisani.

Saa ya ukutani ilikuwa nne kasoro dakika saba.

"Wewe ni mtani wangu," Mzee Nolasko alisema. "Siwezi kukulazimisha. Lakini asiyekuwapo na lake halipo. Babu zetu walilijua hilo bila mitambo. Niondoe. Kisha nenda Lihanje ukawaambie watu ukweli, leo hii, kabla ya Ijumaa. Wao wako hai. Wana miguu ya kulala barabarani mbele ya matingatinga na midomo ya kupiga kelele. Huenda wakashindwa. Lakini kugombana ni kazi ya walio hai."

"Na mama yangu?"

"Mama yako ni Mngoni. Alimkimbia Shaka, atashindwa kulikimbia bwawa?" Akakohoa. "Samahani. Huo ulikuwa mbaya."

"Ulikuwa mbaya sana," Osmunda alisema huku akilia.

Akaikunjua karatasi. Alisimama mbele ya kiti cha pili akiwa bado ndani ya koti la mzee, na akasoma kwa sauti ya Karani, bila kuruka neno, jina lote la marehemu, siku na saa ya kufa, jina la mjane. Alipofika kwa mjane sauti yake iliimarika. Mama Agripina sasa angejua nguo ya kuvaa.

Kivuli kilisimama. Katika miaka sita hakuwahi kukiona kimesimama. Kilivua kofia ya pama, kikaishika kifuani, na ukuta ukawa mweupe.

Saa nne ikafika, na ile taa ndogo juu ya kiti cha pili haikuwaka. Kengele ya ukumbi wa Bunge ikalia, na karibu palepale mlango wa Chumba ukaanza kugongwa. "Osmunda!" ilikuwa sauti ya Waziri Kiongozi, si ya ukutani, ya nje, yenye pumzi. "Osmunda, mdogo wangu, umefanya nini?"

Hakufungua. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakuwa na hofu, alikuwa na huzuni tu, na huzuni aliiweza. Angekwenda Lihanje mchana. Angepitia ghalani kwanza, na kwa Mama Agripina, akadai ulanzi wake.

"Mwanangu," ilisema sauti ya upole kutoka dirishani.

Osmunda aligeuka. Kivuli cha Mzee Ahazi Sanga kilikuwa kimemwelekea yeye. Mikono yake ilikuwa magotini, kama mtu aliyengoja zamu yake hospitali tangu asubuhi na anaogopa kwamba amesahauliwa.

"Nimesikia mliyokuwa mkimfanyia mwenzangu," kilisema. "Mlivyocheka naye. Ilikuwa vizuri." Kikasita. "Mimi humu ndani sina mtani. Sijui kama mtu bila mtani anaweza kuambiwa."

Mlango uligongwa tena, kwa nguvu zaidi. Osmunda hakuwa na karatasi ya tanzia ya Mzee Ahazi. Hakujua saa wala siku, hakujua hata alizikwa wapi. Alivuta kigoda chake mpaka mbele ya kiti cha kwanza, akaketi, akakunja mikono ya koti lile kubwa ili vidole vyake vionekane.

"Shikamoo, Mzee Ahazi."

"Marahaba, mwanangu. Hivi, mvua imekatika?"

"Imekatika, Mzee," Osmunda alimwambia. "Ilikatika mwaka juzi."